Seli ya Peke Yake Iwekewe Mwisho

Mfungwa aliyetoka seli ya peke yake nilimjua kabla sijafungua faili lake. Alisimama mlangoni mwa zahanati ya gereza akingoja aambiwe aingie, aambiwe aketi, aambiwe aseme. Sauti yake ama ilikuwa ya juu mno, ama haikusikika. Alilalamika tumbo; nikimpapasa, tumbo lilikuwa laini, halina kitu. Kumbe alitaka kuguswa na mkono wa binadamu. "Daktari, niache nikae hapa kidogo," aliniambia, ingawa mimi ni muuguzi.

Nimestaafu kazi hiyo hapa Pwani ya Kenya, na nasema bila kusitasita: kumfungia mtu peke yake kwa wiki na miezi ni kumtesa. Hakuachi alama ya kiboko mgongoni, ndiyo maana wengi hawalioni jeraha.

Albert Woodfox alikuja kulieleza jeraha hilo mbele ya dunia nzima. Aliingizwa katika seli ya peke yake mwaka 1972, katika gereza la Angola, Louisiana, Marekani, lililojengwa juu ya shamba la watumwa. Chumba kilikuwa cha futi sita kwa tisa, naye alifungiwa humo saa 23 kwa siku. Alishtakiwa kwa kumuua askari jela. Mara mbili alitiwa hatiani, na mara zote mbili mahakama zikaitengua hukumu. Alitoka Februari 2016, siku aliyotimiza miaka 69. Mwenzake katika kutengwa huko, Herman Wallace, aliachiliwa Oktoba 2013 akiwa na saratani, akafa siku tatu baadaye. Woodfox hakukaa kimya. Pamoja na mwenzao Robert King, aliyekaa peke yake miaka 29, alizunguka akisema jambo hili likomeshwe, mpaka alipofariki mwaka 2022.

Kalief Browder hakupata umri huo. Alikuwa na miaka 16 alipokamatwa New York mwaka 2010 kwa tuhuma ya kuiba mkoba wa mgongoni. Alikaa rumande miaka mitatu, karibu miwili kati yake akiwa peke yake, bila kesi yake kusikilizwa. Mashtaka yakafutwa. Mwaka 2015 alijiua, nyumbani kwao.

Wala tusidhani ni mambo ya Wamarekani. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?", akatengwa na wenzake, akaandika mashairi ya "Sauti ya Dhiki" kwenye karatasi za chooni. Alitoka mwaka 1972, mwaka uleule Woodfox alipoingizwa. Mashairi hayo tunayasomesha, tunahesabu mizani na vina, lakini ni mara chache nimesikia mwalimu akiwauliza wanafunzi wake kile chumba kilimfanya nini mtu yule.

Nimefanya kazi na askari jela, na hofu yao naijua. Wako wafungwa wanaopiga na kujeruhi. Mfungwa wa hatari atengwe na wale anaoweza kuwadhuru, lakini asinyimwe binadamu wa kuzungumza naye. Niliowaona wakirudi kutoka seli ya peke yake hawakurudi watulivu; walirudi wakishtuka mlango ukibamizwa, wakikasirika kwa neno dogo. Na wengi wao siku moja hufunguliwa lango, wakapanda matatu pamoja nasi.

Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Mandela Desemba 2015. Zinakataza kumweka mtu peke yake, saa 22 au zaidi kwa siku, kupita siku 15 mfululizo. Zinasema pia kwamba mhudumu wa afya asishirikishwe katika kutoa adhabu. Kazi yake ni kumtembelea aliyetengwa kila siku. New York ilipitisha sheria yenye kikomo hicho mwaka 2021, baada ya manusura na familia zao kuipigania kwa miaka. Mwaka 2025 askari jela wa huko waligoma, na baadhi ya vifungu vya sheria hiyo vikasitishwa.

Ombi langu kwa Bunge na wakuu wa magereza ni hili: siku 15 ziwe mwisho katika kila gereza letu, bila kipengele cha "isipokuwa". Rejista ya waliotengwa ifunguliwe kwa mahakimu na watetezi wa haki za binadamu. Na kabla ya kuandika lolote, waiteni waliowahi kufungiwa humo, muwape viti, muwasikilize mpaka wamalize.