Kanga wa Masika Tuwaache

Kila likizo ya Aprili vijana wengi wa hapa Magongo tunapanda matatu kwenda kwetu Kinango. Raha yenyewe siikatai: alfajiri, mjomba mbele na mbwa, sisi mabinamu nyuma na mitego ya kamba, kimya mpaka kanga waanze makelele. Jioni ni sima na mchuzi wa nazi. Nani atakataa?

Lakini mwaka jana mbwa alimkamata kanga jike juu ya mayai. Tuliyahesabu, tisa. Masika ndipo kanga huacha kundi, wakatembea wawili wawili na kutaga chini vichakani. Ukichinja mmoja wakati huo, umechinja na vifaranga.

Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza hata kuwindia kitoweo. Mjomba husema sheria hiyo ilitungwa na walioshiba. Hapo ana neno, maana ndovu wakimaliza mahindi yake, kulipwa ni hadithi. Lakini yule kanga alikuwa na kosa gani? (Haya, mbegu hufukua.)

Wako wanaofuga kanga nyumbani kwa kibali cha KWS. Nimemwambia mjomba tuombe nasi, mitego aiweke. Bado hajanijibu.