SANAMU KATIKA NYUMBA YA SERIKALI



Mtu akitundika nyumbani mwake picha ya adui wa baba yake, ni shauri lake. Lakini nyumba ya serikali ni ya raia wote.

Katika Capitol, nyumba ya bunge la Marekani, palikuwa na sanamu ya Roger Taney, jaji mkuu wa zamani. Mwaka 1857 alikata shauri la Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake. Taney aliandika kwamba mtu mweusi wa ukoo wa watumwa hawezi kuwa raia wa inchi ile. Hukumu ilisomwa katika nyumba hiyohiyo, ambayo watumwa walitumikishwa kuijenga! Na sanamu ikawekwa mlangoni pa chumba kilekile cha mahakama.

Tarehe 22 Julai 2020 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura aondolewe, pamoja na wakubwa wa kusini waliopigana vita ili utumwa udumu. Waliokubali 305, waliokataa 113. Senati haikupitisha. Mwaka 2021 kura tena, 285 kwa 120, Senati vilevile. Mwisho, Desemba 2022, mabaraza yote mawili yalikubali jambo dogo zaidi: Taney peke yake aondoke, na mahali pake akae Thurgood Marshall, mtu mweusi wa kwanza kuwa jaji wa mahakama kuu hiyo. Februari 2023 Taney akaondolewa.

Wako wanaolia kwamba historia inafutwa. Sisi makarani wa mine, jina likiandikwa vibaya katika daftari la wafanyakazi, hatupasui ukurasa. Tunapiga mstari, tunaandika lililo sawa pembeni, na karatasi inabaki. Hukumu ya Taney imebaki vitabuni, wanafunzi wa sheria wanaisoma. Alichonyang'anywa ni heshima ya mlangoni, basi.

Na kwetu? Leopold II juu ya farasi wake aliondolewa barabarani Kinshasa wakati wa Mobutu, mwaka 1967. Februari 2005 akasimamishwa tena katikati ya mji, na baada ya saa chache akashushwa. Juu, kisha chini, kama mzigo wa kreni! Raia akiuliza sababu, atajibiwa na nani?

Wale wa Washington walichelewa, tena sana. Lakini katika kura za 2020 na 2021 jina la kila mjumbe liliandikwa: huyu alikubali, huyu alikataa. Mpiga kura wake anaweza kumwuliza. Waheshimiwa wajumbe wetu, tunawaomba sheria ya namna hiyo, iseme nani anaruhusiwa kusimamisha sanamu mbele ya ofisi ya serikali, na nani aulizwe kwanza.