Mwanamume na Mfuko Wake wa Safari

Iko desturi moja katika vitongoji vya Dar es Salaam ambayo tumeivumilia mno, na sasa hatuna budi kuinena waziwazi. Mwanamume wa Kinondoni au wa Temeke akiitwa msibani Mbeya, au akienda kuwaamkia wazee wake huko Lindi, hujitayarisha kwa bidii nyingi. Hutafuta nauli, hununua zawadi, wala hasahau waya wa kuchajia simu yake. Lakini mswaki hana, sabuni hana, wembe hana, na nguo za kubadili ni zile tu alizotiliwa na mkewe. Hayo mengine, asema, atayapata huko aendako. Sisi twasema kwamba neno hilo, "nitayapata huko," ni uvivu unaojificha nyuma ya udugu.

Maana huko ni wapi? Huko ni nyumbani kwa mtu. Na kama twataka kujua uzito wa jambo hili, tuwatazame wageni wanaokuja kwetu. Katika Tandale, Mtoni na Mbagala ziko nyumba nyingi ambazo watu wake hununua maji kwa ndoo au kwa dumu, na jamaa nzima hulala katika chumba kimoja au viwili. Mgeni aliyefika mikono mitupu huoga kwa sabuni ya mwenyeji, hujifuta kwa taulo la mwenyeji, huvaa kandambili za mwenyeji, na asubuhi huuliza kama kuna wembe. Mwenyeji hasemi neno. Adabu yamfunga kinywa. Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Je! mwenyeji wa namna hii amepona nini?

Taulo laweza kufuliwa likaanikwa juani. Wembe ni jambo zito zaidi. Virusi vya homa ya ini aina ya B hukaa katika damu, na hata nje ya mwili huweza kuishi siku 7 au zaidi. Damu kidogo isiyoonekana kwa macho, iliyobaki katika wembe, yatosha kumwambukiza mtu aliyejikata kidogo tu kidevuni. Mswaki nao ni vivyo hivyo, kwa kuwa fizi hutoka damu. Tena mtu mwenye virusi hivyo aweza kukaa miaka mingi bila kujua, huku ini lake likiharibika, na mwisho wake waweza kuwa saratani. Kwa hiyo yule anayeazima wembe hajui anachopokea, na yule anayeazimisha hajui anachotoa. Chanjo ya ugonjwa huu ipo, nasi twawasihi wanaume waiulizie hospitalini; lakini hata aliyechanjwa hana ruhusa ya kutumia wembe wa mwenzake, kwa maana yako magonjwa mengine yanayopita katika damu ambayo chanjo hiyo haiyazuii.

Na tukumbuke kipindupindu. Mwezi wa Agosti mwaka 2015 kilizuka Dar es Salaam, na wagonjwa wa kwanza walionekana Kinondoni. Hakikukaa huko. Kilienea mikoani, kikavuka bahari hata Zanzibar, na katika mwaka uliofuata hesabu ya waliougua ilikwisha kupita watu 20,000. Ugonjwa huu hauna miguu. Huchukuliwa na maji machafu na chakula kichafu, na hutoka mji hata mji pamoja na wasafiri. Mtu aliyemeza vijidudu vyake aweza kuvitoa chooni kwa siku kadhaa, ingawa mwenyewe hajisikii vibaya hata kidogo. Sasa mfikirieni mwanamume aliyeshuka njiani "kuchimba dawa" vichakani, akarudi garini bila kunawa, akanunua mahindi ya kuchemsha dirishani, akayala, kisha akamkatia jirani yake kipande. Kipande cha sabuni ya mche mfukoni na maji kidogo ya chupa vingalizuia yote hayo.

Tena safari zetu si fupi. Kutoka Kituo cha Mabasi cha Magufuli kule Mbezi Luis, kilichofunguliwa mwaka 2021, hata Mbeya ni kama kilomita 800. Na tangu mwaka 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kwenda usiku, watu wengi hukesha njiani bega kwa bega. Joto la pwani twalijua. Mtu akipanda gari na fulana ya jana, kikwapa chake huwa mzigo wa abiria wote. Wako wanaodhani manukato yatawaokoa; walakini manukato juu ya jasho la jana hayaondoi harufu, huiongezea ya pili. Wengine huvua viatu na soksi za siku tatu mbele ya mama aliyempakata mtoto. Na wako, twaona haya kusema, wanaokojoa katika chupa na kuitupa dirishani, ili mtoto wa kijijini aiokote. Je! hao ndio wanaume wanaotaka kuheshimiwa waendako?

Labda mtu atajibu kwamba kufunga mizigo ni kazi ya mke. Jibu hili twalikataa kabisa. Mwili ni wa nani? Ndevu ni za nani? Mume aliyefungiwa mzigo hajui kilichomo. Akifika humpigia mkewe simu kumwuliza sabuni iko wapi, na kama haimo humlaumu. Kumbe mvulana wa miaka 14 akienda shule ya bweni hupewa orodha: ndoo, shuka, sabuni, mswaki, kandambili, naye huipanga tranka yake mwenyewe na kuifunga kwa kufuli. Ilikuwaje, basi, kijana aliyeweza kazi hiyo shuleni aishindwe akiwa na miaka 35 na watoto watatu?

Wengine husema kwamba haya ni mambo ya kigeni. Hao hawajui habari za wazee wao. Mapagazi wa Unyamwezi waliofika Bagamoyo katika karne ya 19 walibeba mzigo wa tajiri wa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Na juu ya mzigo huo waliongeza mikeka yao ya kulalia na vyombo vyao vya kupikia. Hawakusema, "Tutavipata huko." Na hata jina la mswaki si la dukani, ni jina la mti ambao watu wa pwani walisafishia meno yao kabla ya miswaki ya plastiki kuja.

Wako pia watakaolalamika juu ya gharama. Tuhesabu pamoja. Mswaki wenye kifuniko na dawa ya meno, kipande cha sabuni ndani ya kikopo, wembe mpya, taulo dogo, kitana na kikata kucha, kandambili, nguo ya ndani na soksi kwa kila siku ya safari, maana nguo yenye unyevu ikikaa mwilini huleta fangasi mapajani na vidoleni, dawa kwa mwenye kutumia dawa, na mfuko wa kitambaa kwa nguo chafu, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Vingi vya vitu hivyo tayari vimo nyumbani, na vyote vyaingia katika kibegi kimoja kidogo. Kibegi hicho kikae mkononi, kisitiwe katika buti la basi, kwa maana si rahisi kufunguliwa buti njiani, na haja ya kunawa haingoji. Atakayesema hana fedha za sabuni, huku mkononi ana zawadi na mfukoni ana vocha ya simu, asitudanganye.

Twawaomba walimu wenzetu wawafundishe wavulana jambo hili kama wanavyowafundisha hesabu, na akina baba wawaonyeshe watoto wao kwa mfano, maana mtoto hujifunza kwa kutazama zaidi kuliko kwa kuambiwa. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na usafi wa kuazima nao haudumu.

Basi, ndugu zetu, usiku kabla ya safari, kila mwanamume aufunge mfuko wake kwa mikono yake mwenyewe. Alfajiri aoge, avae nguo safi, ndipo aage. Na akifika kwa mwenyeji wake aombe neno moja tu: aonyeshwe mahali pa kuogea. Hayo mengine awe nayo.