Nuru Isikose Mafuta

Msafiri ashukaye boti ya Unguja katika bandari ya Dar es Salaam na kukata njia hadi Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, hukuta kazi mbili zimekaa ubavu kwa ubavu. Ya kwanza ni kuuza simu. Ya pili ni kuzitengeneza. Muuzaji huonana na mteja mara moja. Fundi, mwenye kijimeza chake barazani, huonana naye kila kioo kinapopasuka na kila chaji inapokataa kuingia.

Tunalitaja hili kwa sababu ndani ya simu hizo, zile za Android, siku hizi yaweza kuwekwa Nuru, lugha ya programu ya Kiswahili iliyoanzishwa hapa kwetu Tanzania. Mwanafunzi huiamuru mashine kwa neno "andika", nayo ikaandika. Huiwekea sharti kwa "kama" na "sivyo", nayo ikapima. Aweza kutoa amri moja na kujibiwa papo hapo, mstari kwa mstari, kama mtoto wa chuoni mbele ya mwalimu wake. Haiuzwi. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuunakili na kuurekebisha.

Wasomaji wetu wa visiwani hawahitaji mhadhara mrefu juu ya programu huria. Ni wakfu. Mtu amechimba kisima, akatangaza kwamba maji ni ya wote. Lakini wakfu sharti uwe na msimamizi, na ndiyo maana Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kisima kisicho na mtu wa kubadilisha kamba na kuzoa tope hugeuka shimo.

Matunzo ya programu ni kazi ngumu isiyoonekana. Android hutolewa upya kila mwaka, na kilichokubali jana huweza kugoma leo. Mtumiaji hulalamika kwamba hesabu imetoka kombo. Hapana budi mtu aketi, alitafute kosa, alirekebishe, kisha apime tena asije akawa ameharibu kwingine. Tena mashine inapokataa amri, maelezo yake yapaswa kumfahamisha mtoto wa darasa la sita amekosea mstari gani na kwa nini. Aghalabu kazi za namna hii hufanywa usiku, baada ya ajira, bila ujira.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Tunawauliza wakuu wa idara wanaosoma safu hii: ni kompyuta ngapi za ofisi zenu zinazoitumia leo?

Wenzetu walijifunza. Mwaka 2001 Fernando Pérez, Mkolombia aliyekuwa akisoma fizikia Marekani, alianza kuandika IPython, chombo cha kuzungumza na kompyuta hatua kwa hatua. Kwa zaidi ya miaka kumi kilitegemea zaidi watu wa kujitolea. Mwaka 2012 taasisi ya Sloan ilitoa dola milioni 1.15 ili wawepo watu wa kulipwa. Mwaka 2014 ukazaliwa humo mradi wa Jupyter, ambao leo hutumiwa na wanasayansi ulimwenguni kote.

Watasema Marekani ni tajiri. Ni kweli, na sisi hatuombi milioni ya dola. Tunaomba mishahara ya vijana wachache, bara na visiwani, ambao kazi yao kutwa iwe kuitunza Nuru na kuikuza. Kujitegemea tulikokutangaza Arusha mwaka 1967 hakuwezi kuishia kwenye jembe. Jukumu hili ni la Tume ya TEHAMA pamoja na wizara za elimu za pande zote mbili za Muungano. BAKITA na BAKIZA nao wasingoje kuletewa barua: waketi na vijana hao wapime istilahi zao moja moja. Neno "unda", kwa mfano, ndilo linalotumika katika Nuru kutunga kanuni ya kazi. Latosha, au visiwani kuna lililo bora zaidi?

Bajeti husomwa mwezi Juni. Tutatazama kama kifungu hicho kimo.