Milipuko ya mbali, antena za Ngomeni: Kenya imevuna nini?

Jumapili ya tarehe 9 Oktoba mwaka 2022, saa kumi na moja na dakika kumi jioni kwa saa za Afrika Mashariki, setilaiti ya utafiti ya Marekani iitwayo Swift ilitoa taarifa kwamba kitu fulani kimewaka katika kundi dogo la nyota linalojulikana kama Sagitta, yaani Mshale.

Mwanzoni wataalamu walidhani kitu hicho kiko karibu, ndani ya galaksi yetu wenyewe, kwa jinsi kilivyong'aa. Baada ya saa kadhaa ndipo ilipobainika kwamba setilaiti nyingine, Fermi, ilikuwa imekwisha kuunasa mlipuko huo huo dakika 53 kabla, wakati dunia yenyewe ikiwa imeikinga Swift isiuone. Darubini kubwa ya Ulaya iliyoko Chile ikapima umbali wake: nuru ile ilikuwa imesafiri karibu miaka bilioni mbili kabla ya kutufikia. Wataalamu wanakadiria kwamba mlipuko wenye mng'ao wa kiasi kile huifikia dunia mara moja tu katika miaka 10,000 hivi.

Katika Afrika Mashariki habari za namna hii huchukuliwa kuwa ni za watu wengine: Wamarekani wamerusha, Wazungu wamepima, nasi tumesimuliwa. Katika jambo hili dhana hiyo si sahihi. Tangu iliporushwa tarehe 20 Novemba 2004, Swift imekuwa ikishusha sehemu kubwa ya data zake kupitia antena zilizoko Ngomeni, kijiji cha wavuvi kilicho kaskazini ya mji wa Malindi, katika ukanda ule ule wa pwani ya Kenya wenye mashamba ya chumvi.

Swali linalostahili kuulizwa, basi, si kama Afrika Mashariki imo katika elimu hii. Imo, na kwa zaidi ya nusu karne. Swali ni imo kwa cheo gani.

Kuwahi kabla moto haujazimika

Mlipuko wa miale ya gamma hudumu kwa sekunde au dakika chache tu. Katika muda huo hutoka nishati inayoweza kulinganishwa na ile ambayo jua letu litaitoa katika umri wake wote. Ile mirefu hutokana na nyota kubwa inayoporomoka yenyewe kwa ndani mwishoni mwa maisha yake. Ile mifupi, isiyozidi sekunde mbili, kwa kawaida hutokana na nyota mbili za nyutroni zinazogongana. Bahati njema, hewa ya dunia huizuia miale hiyo isifike ardhini. Ndiyo maana hunaswa na setilaiti, wala si kwa darubini za milimani.

Iligunduliwa bila kutafutwa. Setilaiti za Vela, ambazo Marekani ilizirusha kuchunguza kama Wasovieti wanavunja mkataba wa mwaka 1963 wa kuzuia majaribio ya nyuklia, zilinasa mmweko wa kwanza tarehe 2 Julai 1967. Haukutoka Urusi, wala haukutoka duniani. Habari hiyo ilitangazwa hadharani mwaka 1973, na kwa takriban robo karne baadaye wataalamu walibishana kama milipuko hiyo iko jirani au iko mwisho wa upeo.

Ubishi huo ulidumu kwa sababu moja kubwa: mmweko ulikwisha kabla mtu hajajua mahali pa kuelekeza darubini. Mlipuko huacha mwanga unaofifia, mfano wa makaa baada ya moto, na katika makaa hayo ndimo umbali unamopimika. Anayechelewa hukuta majivu.

Aliyewahi alikuwa setilaiti ya Waitaliano na Waholanzi, BeppoSAX, iliyorushwa mwezi Aprili mwaka 1996. Ilizunguka dunia karibu kabisa na ikweta, na kituo chake cha kupokelea data kilikuwa Malindi. Tarehe 28 Februari 1997, ikiwa saa kumi na mbili kasoro dakika mbili asubuhi nchini Kenya, ilinasa mlipuko. Data zikashushwa Malindi na kupelekwa Roma. Wataalamu wakaigeuza setilaiti, na saa nane hivi baada ya mlipuko ikayaona makaa kwa miale ya eksirei. Siku hiyo hiyo darubini ya William Herschel katika kisiwa cha La Palma ikapata mwanga wa kawaida mahali pale pale. Mwezi Mei mwaka huo mlipuko mwingine ulionaswa na BeppoSAX ukapimwa umbali kwa darubini ya Keck huko Hawaii, na ubishi ukaisha: milipuko hii iko mabilioni ya miaka ya nuru kutoka hapa.

Vitabu vingi vinavyosimulia ushindi huo hutaja Roma, Amsterdam na Hawaii. Malindi, pale inapotajwa, hupewa nusu sentensi.

Swift iliundwa ili saa nane za kungoja ziwe dakika moja. Ndani ya sekunde ishirini hivi hukadiria mlipuko uko wapi, kisha hugeuka yenyewe bila kungoja amri ya binadamu, na kwa kawaida huwa imekwisha kuuelekea kabla ya dakika moja na nusu. Hapa haki itendeke: ule ujumbe wa kwanza wa haraka haupitii Kenya. Hurushwa kwa setilaiti za mawasiliano za NASA na kusambazwa papo hapo kwa darubini za dunia nzima. Kinachopitia Ngomeni ni shehena yenyewe, vipimo vya kina vinavyoshushwa mara kadhaa kwa siku, kila mara kwa dakika chache, Swift inapopita juu ya Bahari ya Hindi. Njia yake haiendi mbali na ikweta, na Malindi iko nyuzi tatu tu kusini ya mstari huo. Jiografia hiyo haiwezi kuhamishiwa Ulaya.

Dunia inazunguka, usiku unahama

Mlipuko hauchagui saa. Ukitokea wakati Chile ni mchana na Hawaii mawingu yametanda, mwenye usiku safi ndiye mwenye neno, hata akiwa mdogo. Mwezi Julai mwaka 2003 Berto Monard, mtazamaji wa nyota asiyelipwa na chuo chochote, akitumia darubini yake karibu na Pretoria, Afrika Kusini, aligundua makaa ya mlipuko ulionaswa na setilaiti ya HETE-2. Alikuwa mtu wa kwanza asiye mtaalamu wa kuajiriwa kufanya hivyo. Nchini Namibia, darubini za HESS zilinasa miale yenye nguvu kubwa mno ya mlipuko wa mwezi Julai 2018, zaidi ya saa kumi baada ya mlipuko wenyewe.

Hata Columbus, mji mkuu wa jimbo la Ohio, haiwezi kufanya kazi hii peke yake. Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio ndicho makao ya ASAS-SN, mradi wa darubini ndogo ishirini unaoipiga picha anga nzima inayoonekana kila usiku kutafuta nyota zinazolipuka. Darubini hizo haziko Ohio, kwenye mawingu na taa. Ziko Hawaii, Texas, Chile, na Sutherland nchini Afrika Kusini. Mmoja wa viongozi wa mradi huo, Krzysztof Stanek, kabla hajahamia Columbus aliongoza kundi mojawapo lililothibitisha mwaka 2003 kwamba mlipuko wa gamma wa tarehe 29 Machi ulitokana na kifo cha nyota kubwa. Yalipofifia makaa, nyota inayolipuka ilijitokeza nyuma yake.

Columbus inajulikana kwa Waafrika Mashariki wengi kwa sababu nyingine: jamii kubwa ya Wasomali. Louisville katika jimbo la Kentucky, na Buffalo jijini kabisa mpakani na Kanada, zimepokea wakimbizi wengi kutoka mashariki ya Kongo, ambao Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani au ya kanisani. Watoto wao wanasoma katika miji yenye kituo cha kutazama nyota cha chuo kikuu, kama Louisville, au chama cha watazamaji kinachokaribisha umma, kama Buffalo. Mtoto wa Bukavu aliyeko Buffalo ana njia fupi zaidi ya kuifikia darubini kuliko mtoto wa Ngomeni anayelala karibu na antena. Hilo halisemwi kwa kuwaonea wivu wa kwanza.

Mwenye shamba na mwenye mavuno

Uhusiano wa Kenya na Italia katika mambo ya anga ulianza miaka ya 1960, chini ya Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini mbele ya Ngomeni, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ilikuwa siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, na setilaiti ikaitwa Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wake, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Jina la setilaiti lilikuwa la Kiswahili. Majina yaliyoandikwa juu ya matokeo yake hayakuwa.

Urushaji wa mwisho kutoka jukwaa hilo ulikuwa mwaka 1988, lakini antena za nchi kavu zimeendelea na kazi. Kwa miaka mingi viongozi wa Pwani na wabunge mjini Nairobi wamelalamika kwamba nchi haijui inachopata. Mkataba mpya ulitiwa saini mjini Trento, Italia, mwezi Oktoba mwaka 2016, ukiwa na ahadi za mafunzo, za kuifungulia Kenya data, na za kulisaidia shirika lake la anga, ambalo liliundwa mwaka uliofuata.

Malalamiko hayo yana msingi, ila mara nyingi yameelekezwa kwenye kodi ya ardhi, kana kwamba Ngomeni ni ghala lililopangishwa. Thamani kubwa iko kwingine. Data za Swift si siri: huwekwa wazi kwa yeyote, na mwanafunzi wa Nairobi au Dodoma anaweza kuzichukua sawa na mwenzake wa Pennsylvania, inakoendeshwa setilaiti hiyo. Hata tahadhari za milipuko hupatikana bure kwa anayejiandikisha. Hakuna Mtaliano wala Mmarekani anayezuia mlango huu. Kinachokosekana ni walimu wa fizikia, nafasi za utafiti zenye mshahara, na darubini.

Na darubini hapa si anasa. Kati ya Afrika Kusini na India pana bahari pana, na usiku unapofika huko macho ni machache. Ethiopia imeliona hilo: kwenye mlima wa Entoto, juu ya Addis Ababa, ina darubini mbili zenye vioo vya upana wa mita moja. Ghana iligeuza dishi kuukuu la simu huko Kuntunse kuwa darubini ya redio na kuizindua mwaka 2017. Kenya ina dishi la namna hiyo Longonot, na kuligeuza kumezungumzwa kwa miaka mingi. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha astronomia. Wahitimu wake wanaotaka kuendelea hufunga safari, wengi wao kuelekea kusini.

Wakati nao hausubiri. Swift haina injini ya kujiinua, na jua lilipochachamaa katika miaka ya karibuni hewa ya juu ilitanuka na kuivuta chini kwa kasi kuliko ilivyotarajiwa. Mwezi Septemba mwaka 2025 NASA ilitangaza kwamba imeipa kampuni ya Katalyst mkataba wa dola milioni 30 wa kutengeneza chombo cha kwenda kuishika na kuipandisha. Lolote litakaloipata, antena za Ngomeni haziitegemei Swift peke yake: IXPE, setilaiti ya Marekani na Italia ya kupima miale ya eksirei iliyorushwa mwezi Desemba 2021, nayo ilipangiwa kushusha data zake hapo hapo.