Risala ya Wakulima na Wabanguaji wa Korosho kwa Mheshimiwa Mbunge Kuhusu Kushirikishwa Katika Kutunga Sheria

Mheshimiwa Mbunge wa Jimbo letu,
Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,
Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri,
Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu,
Viongozi wa dini, viongozi wa chama cha msingi cha ushirika, wazee wetu na ndugu wananchi,

 

 Tunakushukuru, Mheshimiwa Mbunge, kwa kukubali kutusikiliza kwanza ndipo utuhutubie.

Sisi ni wakulima wa korosho na kina mama wabanguaji wa kata hii ya kusini mwa Tanzania. Yapo mengi tungeweza kuyasema leo: bei za mnada, malipo yanayochelewa, barabara ya kwenda ghala kuu. Tumeyaweka kando kwa makusudi, kwa sababu mengi kati ya hayo chanzo chake ni kimoja. Sheria zinazoongoza zao letu zinatungwa bila sisi kuulizwa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 21, inampa kila raia haki ya kushiriki katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu yeye na Taifa lake. Tunaamini haki hiyo haiishii siku ya kupiga kura. Kwa heshima kubwa, tunaleta kwako malalamiko na maombi yafuatayo.

1. Mheshimiwa Mbunge, hatuujui mwezi wako. Tunafahamu kwamba kazi yako ni nzito: kuna vikao vya kamati kabla ya kila mkutano wa Bunge, kuna mkutano wa bajeti unaokuweka Dodoma kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na tena wewe ni mjumbe wa Baraza la Madiwani hapa wilayani. Lakini sisi hatuna namna ya kujua ni lini upo, kamati yako inajadili nini, wala ni siku gani mwananchi anaweza kukukuta ofisini. Wazee wetu wametoka vijiji vya mbali kwa bodaboda, wakafika ofisini na kukuta mlango umefungwa, wakarudi kimya. Hawakulalamika hadharani kwa kuwa wanakuheshimu. Tunaomba kila mwanzo wa mwezi ratiba yako ya kazi ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata na kwenye ghala la chama cha msingi, isomwe pia misikitini, makanisani na kwenye redio ya jamii. Ratiba hiyo ionyeshe siku za Bunge, siku za kamati na walau siku mbili za kusikiliza wananchi jimboni. Bunge likikubana, msaidizi wako akae mahali pako na daftari.

2. Mheshimiwa Mbunge, miswada hutufikia ikiwa tayari ni sheria. Hili ndilo linalotuuma kuliko yote, na mfano wake kila mkulima wa Kusini anaujua. Kabla ya Julai 2018, asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje ya nchi ilikwenda kuliendeleza zao lenyewe, na asilimia 35 ilikwenda Hazina. Fedha hizo ndizo tulizozitegemea kwa pembejeo, na msimu wa 2017/18 dawa ya salfa ya kupulizia mikorosho iligawiwa bure. Juni 2018 mgawanyo huo ukabadilishwa kupitia Muswada wa Sheria ya Fedha, fedha zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa Kusini walisimama ukumbini wakapinga kwa nguvu, na hadi leo tunawashukuru. Lakini walipinga bila sisi nyuma yao. Hakuna mkutano wa kijiji uliokuwa umejadili jambo hilo hapa kwetu, hakuna barua ya ushirika iliyokuwa mezani, hakuna mkulima aliyepata nafasi ya kueleza mfuko mmoja wa salfa unamaanisha nini kwa shamba la ekari tatu. Hatusemi kwamba Serikali haina haki ya kupanga mapato ya nchi. Tunasema kwamba jambo zito namna ile halikupaswa kupita ndani ya mwezi mmoja wa Juni huku wenye zao wakilisikia redioni. Tunaomba kila muswada unaogusa kilimo, ardhi, ushirika au tozo, ukishasomwa mara ya kwanza, uuteremshe jimboni kupitia kwa waheshimiwa madiwani na watendaji, ujadiliwe kwenye mikutano ya vijiji kabla hujaupigia kura. Na pale muswada utakapoletwa kwa hati ya dharura, tunakuomba uwe wa kwanza kuuliza dharura hiyo ni ya nani.

3. Mahali na wakati wa kutoa maoni ni mzigo kwetu. Kanuni za Bunge zinairuhusu kamati kualika watu kutoa maoni, na tunalipongeza Bunge kwa hilo. Ila vikao hivyo huwa Dodoma. Kutoka Mtwara hadi Dodoma kwa kupitia Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,000. Nauli, chakula na malazi ya mtu mmoja humaliza fedha ya pembejeo. Kibaya zaidi ni mwezi wenyewe. Juni, wakati Kamati ya Bajeti inasikiliza wadau wa Muswada wa Sheria ya Fedha, sisi tumo shambani tangu alfajiri, upepo ukiwa umetulia, tunapulizia salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Tunatoka huko macho mekundu na nguo zimegeuka njano. Ukiliacha shamba wiki mbili, ua limeungua na msimu umekwenda. Kwa hiyo wanaosikika ni wenye ofisi mjini. Tunaomba mambo mawili. Kwanza, wewe mwenyewe ukusanye maoni yetu ya bajeti mwezi Februari, kabla kamati hazijaanza kukaa, uende nayo yakiwa yameandikwa na kugongwa muhuri wa kijiji. Pili, utusemee kwa Mheshimiwa Spika ili kamati zije kusikiliza huku kanda ya Kusini pale sheria ya korosho inapoguswa.

4. Lugha ya miswada. Tunashukuru kwamba tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu. Hata hivyo muswada wa marekebisho husema tu kifungu fulani kinafutwa na kingine kinaongezwa, na asiye na sheria mama mkononi haelewi kilichotoka wala kilichoingia. Tunaomba ofisi yako iandae ukurasa mmoja kwa kila muswada unaotuhusu: hali ilivyo sasa, kinachopendekezwa, nani atalipa na nani atapata.

5. Kina mama wabanguaji hawaulizwi kabisa. Mikutano huitwa saa nne asubuhi, saa ambayo wao wapo kwenye ubanguaji. Tazama vidole vyao, Mheshimiwa: vimeungua kwa mafuta ya ganda la korosho, ngozi imebabuka, kucha zimekuwa nyeusi. Sheria ya viwanda vya korosho ikitungwa, hawa ndio wa kwanza kuguswa na ndio wa mwisho kupata habari. Tunaomba mikutano ya maoni ifanyike alasiri, na kila orodha ya wawakilishi wa kata iwe na mbanguaji mwanamke aliyechaguliwa na wenzake.

6. Mwisho, maoni yetu hayarudi. Mwananchi akishasema, maneno yake huandikwa kwenye karatasi na hatujui yaliishia wapi. Hatudai kwamba kila tulilosema likubaliwe. Tunaomba baada ya kila mkutano wa Bunge utuletee taarifa fupi: lipi ulilifikisha, lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa sababu gani. Taarifa hiyo isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na katika taarifa hiyohiyo utueleze matumizi ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo.

Mheshimiwa Mbunge, tumevumilia kwa muda mrefu kwa sababu tunakuamini, na yote tuliyoyaomba yamo ndani ya uwezo wa ofisi yako. Tunaomba utujibu leo, hapa hapa, kuhusu ombi la kwanza na la pili, na mengine utujibu kwa maandishi kupitia kwa Mtendaji wa Kata kabla ya mkutano ujao wa Bunge.

Tunaomba kuwasilisha.

Wakulima na wabanguaji wa korosho wa kata hii