Mbona simu haimwambii mwenye hisa ukweli wote

WAKENYA waliopiga foleni benki na katika afisi za madalali mnamo Machi na Aprili 2008 ili kununua hisa za Safaricom kwa Sh5 kila moja, leo hawahitaji kupiga foleni ili kujua hali ya mali yao. Wanabonyeza simu tu. Programu ya dalali inawaonyesha idadi ya hisa, bei ya siku hiyo, na tarakimu ya kijani au nyekundu inayodai kueleza iwapo wamepata faida au hasara.

Ni tarakimu hiyo ya mwisho inayostahili kutiliwa shaka. Si kwamba ni ya uongo. Tatizo ni kwamba inajibu swali ambalo mwekezaji wa muda mrefu hakuliuliza.

Anachotaka kujua mtu aliyewekeza kwa miaka kumi au ishirini ni hiki: tangu nilipoanza, nimetoa mfukoni pesa ngapi, nimerudishiwa ngapi, na kilichobaki kina thamani gani? Programu nyingi, kwa upande wao, huchukua hisa zilizomo kwenye akaunti siku hiyo, zikalinganisha bei ya sasa na wastani wa bei ya kununulia, basi. Yaliyopita katikati hayamo.

Safaricom yenyewe ni mfano mwafaka. Kufikia 2025, kampuni hiyo ilikuwa imetangaza mgao wa faida unaozidi Sh12 kwa kila hisa tangu iingie sokoni Juni 2008. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya bei ya kununulia. Kwa maneno mengine, aliyenunua 2008 na kutulia alikwisha kurudishiwa mtaji wake wote na ziada, hata kama asingeuza hisa moja. Lakini gawio huingia benki au kwenye M-Pesa, likachanganyika na pesa za sukari na karo, na programu ya hisa haina habari nalo. Mwenye hisa naye mara nyingi amekwisha kulisahau.

Tuchukue mwekezaji wa kubuni aliyepata hisa 1,000 kwa Sh5 mwaka wa 2008, kisha akaongeza nyingine 1,000 kwa Sh40 mwishoni mwa 2021, wakati soko lilipokuwa limepamba moto. Ametoa Sh45,000, na wastani wa bei yake ni Sh22.50. Kipimo cha thamani kiwe Sh34, bei ambayo serikali ilitangaza Desemba 2025 katika mpango wa kuiuzia Vodacom asilimia 15 ya Safaricom. Kwa bei hiyo hisa zake ni Sh68,000, na simu itamwandikia faida ya Sh23,000, yaani asilimia 51.

Tarakimu hiyo inamdanganya mara mbili. Kwanza, inaacha gawio la zaidi ya Sh16,000 alilolipwa kwa mafungu yote mawili, ambalo linaifikisha faida yake zaidi ya asilimia 86 kabla ya kodi ya asilimia 5 inayokatwa kwenye gawio. Pili, na hili ndilo zito zaidi, wastani umefunika uamuzi mbaya kwa uamuzi mzuri. Fungu la 2021 limepoteza Sh6 kwa kila hisa, na gawio la takriban Sh5 lililopatikana tangu hapo halijaziba pengo. Hisa za 2008 ndizo zinazobeba mzigo wote, huku mwenyewe akijiona bingwa wa soko.

Halafu kuna suala la muda, ambalo programu nyingi hulipuuza kabisa. Kutoka Sh5 hadi Sh34 ni ongezeko la karibu mara saba, na tarakimu kama hiyo humfanya mtu apige vigelegele. Lakini limechukua zaidi ya miaka 17. Likigawanywa kwa mwaka, na bila kuhesabu gawio, ni kati ya asilimia 11 na 12. Hayo si mapato ya kudharauliwa. Hata hivyo, serikali iliyouza hatifungani ya miundomsingi Februari 2024 kwa riba inayozidi asilimia 18, isiyotozwa kodi, ilionyesha kwamba asilimia 11 haipaswi kusifiwa kabla ya kulinganishwa na kitu. Bei za bidhaa nazo zimepanda zaidi ya mara mbili tangu 2008, na dola iliyokuwa ikinunuliwa kwa takriban Sh62 wakati huo ilivuka Sh160 mapema 2024 kabla ya kushuka.

Upande wa pili wa udanganyifu ni wa wanaojiwekea akiba. Mwalimu anayeingiza Sh3,000 kila mwezi ataona mchoro wa akaunti yake ukipanda kama mlima, hata ikiwa hisa zenyewe hazijasogea. Mwishoni mwa mwaka akaunti ina Sh36,000 na anaamini soko limemtendea wema. Kumbe ni mshahara wake mwenyewe anaoutazama.

Mgawanyo wa hisa pia umewahangaisha wengi. Equity ilipogawanya kila hisa kuwa kumi mwaka wa 2009, bei ilishuka kwa kiasi hicho hicho bila mtu kupoteza hata senti. Rekodi isiyorekebishwa husoma tukio kama hilo kuwa hasara ya asilimia 90.

Hisa zilizokwisha kuuzwa nazo hutoweka kwenye skrini pamoja na hasara yake. Aliyenunua Mumias kwa Sh6.25 mwaka wa 2001 na kuziuza kwa senti chache kabla ya biashara yake kusimamishwa 2019, sasa anaona tu zile kampuni zilizonusurika. Orodha inapendeza, ila wafu hawamo.

Chanzo cha haya yote si uvivu wa waunda programu. Kumbukumbu za mwekezaji wa Kenya zimetawanyika katika madaftari matatu. Shirika la CDSC, ambalo mfumo wake ulianza kazi Novemba 2004, huhifadhi idadi ya hisa na mienendo yake. Dalali ndiye mwenye bei ya kununulia, nayo mara nyingi haimfuati mteja anapohamia kwa dalali mwingine. Gawio liko kwa wasajili wa hisa. Hakuna anayelazimika kuyaunganisha, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA) ingeweza kuanza kwa kutaka kila dalali aeleze waziwazi tarakimu yake inahesabu nini na kuacha nini.

Jambo hili lilipata uzito mpya Agosti 2025, Soko la Hisa la Nairobi (NSE) liliporuhusu kununua hata hisa moja badala ya 100 kwa uchache. Vijana walioingia kwa mlango huo hawana stakabadhi za karatasi kabatini wala dalali wanayemjua kwa sura. Tarakimu ya kwenye simu ndiyo kumbukumbu yao pekee, na ndiyo itakayowafanya wauze kwa hofu au wakae kwa matumaini.

Kwa sasa, anayetaka jibu kamili hana budi kujihesabia. Ataandika kila tarehe aliyotoa pesa na kila tarehe aliyopokea, gawio likiwemo, kisha aongeze thamani ya leo. Programu ya kawaida ya hesabu kwenye kompyuta ina kanuni inayosoma tarehe hizo na kutoa kiwango kimoja cha mapato ya kila mwaka. Kazi ngumu ni kupata tarehe za gawio la zamani. Waliobadilisha nambari za simu au kufunga akaunti za benki bila kuwaarifu wasajili huenda wakagundua kwamba sehemu ya mapato hayo haikuwahi kuwafikia, na kwamba inapaswa kudaiwa kutoka kwa Mamlaka ya Mali ya Kifedha Isiyodaiwa (UFAA).